Leseni ya fremuweki mpya ya wavuti: MIT, Apache 2.0 au AGPL?

MhunziWaMsimbo
Wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu tumeunda fremuweki ya kutengenezea programu za wavuti, na tunakusudia kuitoa kama programu huria mwezi ujao. Uelekezaji wa maombi, violezo vya kurasa, tabaka la hifadhidata na uthibitishaji wa watumiaji vyote vinafanya kazi. Kilichobaki ni leseni, na hapo ndipo tulipogawanyika: mmoja anataka MIT kwa kuwa ni fupi na inajulikana, mwingine anashikilia Apache 2.0 (zote mbili huruhusu karibu matumizi yoyote, hata ndani ya bidhaa iliyofungwa), nami navutiwa na AGPL, inayomtaka anayeirekebisha programu na kuitoa kama huduma mtandaoni awape watumiaji wake msimbo, kwa sababu sipendi kuona kampuni kubwa ikichukua jasho letu, ikalifanyia marekebisho yake kwenye seva zake na kuliuza kama huduma bila kurudisha hata mstari mmoja. Ninyi mngechagua ipi?

Kasri_la_Data
Ndugu mleta mada, swali hili halijibiki jinsi lilivyo. Fremuweki imeandikwa kwa lugha gani? Msimbo ni wenu, au ni wa mwajiri aliyekuwa akiwalipa mlipokuwa mkiuandika? Inategemea maktaba zipi, nazo zina leseni gani? Bila majibu hayo, kila atakayepita hapa atakutajia leseni aipendayo yeye.

BintiSeva
Nami naanza kwa kutaja niipendayo: MIT. Fremuweki ya Ruby on Rails, ambayo David Heinemeier Hansson aliichomoa ndani ya Basecamp, programu ya kusimamia miradi, na kuitoa mwaka 2004, inatumia MIT. Symfony na Laravel, fremuweki za PHP, ni MIT. Django, iliyozaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, na kutolewa mwaka 2005, inatumia BSD, ambayo ni ndugu wa karibu. Hili halikutokea kwa bahati. Fremuweki haitumiki peke yake. Msimbo wa mtumiaji huandikwa juu yake na kuchanganyika nayo, kwa hiyo ukiweka AGPL, mtu anayejenga mfumo wa mauzo juu yake ataanza kujiuliza kama naye atalazimika kuwafungulia wateja wake msimbo wake wote. Hatasubiri mwanasheria amjibu. Atachukua fremuweki nyingine, na hiyo kampuni kubwa unayoiogopa haitawahi hata kulisikia jina la kazi yenu.

Mzee_wa_Hataza
BintiSeva amesema kweli kuhusu AGPL, lakini amelipita jambo moja kimya kimya. MIT haizungumzii popote hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake. Apache 2.0, ya Januari 2004, inaeleza wazi katika kifungu cha 3 kwamba kila mchangiaji anampa mtumiaji ruhusa ya hataza zake zinazohusu mchango wake, na kwamba anayefungua kesi akidai kuwa programu hiyo inakiuka hataza yake anapoteza ruhusa aliyopewa. Wasiojali hataza wakumbuke React, maktaba ya Facebook ya kujengea kurasa za wavuti: ilikuwa na leseni ya BSD yenye nyongeza ya hataza, na mzozo wake ulikua hadi Facebook ikabadilisha leseni mwezi Septemba 2017.

BintiSeva
Ikabadilisha kuwa MIT, mzee wangu. Mfano wako unanitetea mimi.

Mzee_wa_Hataza
Haukutetei, binti yangu. Kilichowaudhi watu ni kwamba nyongeza ile ilimnyang'anya mtumiaji ruhusa hata kama angeishtaki Facebook kwa hataza isiyohusiana kabisa na React. Apache 2.0 haifiki huko. Inaishia kwenye kazi yenyewe iliyotolewa.

MhunziWaMsimbo
Nashukuru. Namjibu Kasri_la_Data: lugha ni PHP. Msimbo mwingi tuliuandika sisi watatu nje ya saa za kazi, na hakuna mwajiri anayehusika. Sehemu ya tabaka la hifadhidata ilitoka kwa watu wengine walioona kazi yetu na kutuletea viraka, yaani marekebisho ya msimbo. Kuhusu maktaba, karibu zote ni MIT, isipokuwa ile ya kuchakata violezo, ambayo ni GPL toleo la 2, leseni inayotaka kazi inayosambazwa pamoja nayo ifuate masharti yaleyale.

Kasri_la_Data
"Toleo la 2 pekee", au "toleo la 2 au lolote la baadaye"? Fungua faili zake, usome maelezo yaliyo juu.

MhunziWaMsimbo
Imeandikwa toleo la 2 pekee.

Kasri_la_Data
Basi ugomvi wote wa hapo juu unasubiri kwanza jambo hili. Free Software Foundation, waandishi wa GPL wenyewe, wanasema kuwa Apache 2.0 haipatani na GPL toleo la 2, ingawa inapatana na la 3. AGPL toleo la 3 nayo haipatani na GPL ya toleo la 2 pekee. MIT inapatana nayo, lakini mkiisambaza fremuweki ikiwa na maktaba hiyo ndani, kifurushi kizima kitafuata masharti ya GPL, kwa hiyo yule aliyeichagua kwa kuona neno MIT atakuwa amedanganyika. Ama mmwombe mwenye maktaba aongeze ruhusa, ama mwandike upya sehemu hiyo, ama mtafute maktaba nyingine. Leseni yenu mtaichagua baada ya hapo.

Mpishi_wa_Toleo
Mimi nimeshtushwa zaidi na wale waleta viraka. Niliwahi kufanya kazi katika kampuni moja iliyokuwa na fremuweki yake yenye leseni ya GPL. Wateja walipoanza kulalamika, wakubwa waliamua kuhamia Apache 2.0, wakatangaza tarehe kabla ya kumuuliza yeyote aliyekuwa akitunza msimbo. Ndipo mtu akauliza hakimiliki ya michango ya nje ni ya nani. Hapakuwa na makubaliano yoyote yaliyoandikwa, na kwa hiyo kila mchangiaji alibaki kuwa mwenye mistari yake. Tulianza kuwaandikia mmoja mmoja. Wengi walikubali siku ileile. Mmoja alikataa kwa msimamo, akisema alitoa kazi yake kwa GPL kwa makusudi, na sikuona la kumjibu, kwa sababu alikuwa na haki. Mwingine hakupatikana kabisa: anwani yake ya barua pepe ilikuwa ya mahali alipokwisha kuondoka. Huyo ndiye aliyekuwa ameandika moyo wa usimamizi wa vikao vya watumiaji. Ilibidi sehemu hiyo iandikwe upya na mtu ambaye hakuwahi kuusoma msimbo wa zamani, kutokana na maelezo ya tabia zake tu, na tarehe iliyotangazwa ikapita wateja wakitukodolea macho. Ndugu mleta mada, waandikie hao watu leo, wakiwa bado wanakumbuka jina la mradi.

BintiSeva
Na kuanzia sasa kila mchangiaji asaini mkataba wa kukabidhi haki.

Mzee_wa_Hataza
Mkataba wa nini kwa mradi wa watu watatu? Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, tangu mwaka 2004 inatumia tamko fupi la asili ya mchango: mchangiaji anaongeza mstari wenye jina lake kwenye badiliko, akithibitisha kuwa ana haki ya kulitoa chini ya leseni ya mradi.

Mpishi_wa_Toleo
Tamko hilo linathibitisha asili; halimpi mwenye mradi uwezo wa kubadilisha leseni baadaye. Ingawa, kusema kweli, wachangiaji wengine hupenda hivyo, maana hakuna atakayeamka asubuhi na kuifunga kazi yao.

MhunziWaMsimbo
Nimeshamwandikia mwenye maktaba ya violezo, na waleta viraka nitawaandikia usiku huu. Tukifanikiwa, tungependa kutoa toleo 1.0 moja kwa moja.

Kasri_la_Data
1.0 ya nini, na hakuna mtu wa nje aliyewahi kujenga kitu juu yake? Kwa kanuni za matoleo zinazofuatwa na wengi, 1.0 ni ahadi kwamba violesura vya umma, yaani sehemu ambazo msimbo wa watumiaji huziita, havitavunjwa hadi 2.0. Django ilitolewa 2005, ikafikia 1.0 mwezi Septemba 2008. Toeni 0.1, mvunje mnachotaka kuvunja.

BintiSeva
Rails ilifika 1.0 Desemba 2005, mwaka mmoja na nusu hivi baada ya kutolewa. Mradi unaokaa kwenye sifuri miaka nenda rudi hauaminiki. Mkuu wa idara akiona 0.7 anaufunga ukurasa.

Mpishi_wa_Toleo
Kwa watu wa PHP kuna la ziada. Composer, zana ya PHP ya kusakinisha maktaba, ikikuta ^0.3 haitapanda hadi 0.4 yenyewe, kwa hiyo mnaweza kubadilisha mambo bila kuwavunjia watumiaji programu zao usiku. Mnaona kasoro gani hapo?

BintiSeva
Kasoro ni kwamba mtunzaji anazoea. Anavunja 0.4, anavunja 0.5, na aliyejenga juu ya 0.3 anaachwa bila viraka vya usalama.

Kasri_la_Data
Hilo nakubali kwa sehemu, lakini tiba yake ni kutangaza matoleo yapi yatapata viraka na kwa muda gani, wala si kubadilisha namba. Mleta mada, mmeshaweka anwani ya kupokea taarifa za udhaifu wa kiusalama kwa siri, au mtu atalazimika kuziandika hadharani?

MhunziWaMsimbo
Bado. Mwenye maktaba amejibu: yuko tayari kuongeza "au lolote la baadaye", ila anataka kwanza kujua tutatumia leseni gani.

Mzee_wa_Hataza
Mwambie Apache.

BintiSeva
Mwambie ukweli, kwamba hamjaamua. Kisha umuulize kama atakubali kuitoa kwa MIT, maana akibaki kwenye GPL ya toleo lolote, kifurushi chenu bado kitabeba masharti yake.