Kugombea nafasi ya mzazi katika bodi ya shule

Mama wa Gredi ya Tano: Wazazi wenzangu wananisihi nigombee nafasi katika Bodi ya Usimamizi ya shule yetu ya msingi hapa Kilifi. Naomba waliowahi kuhudumu wanieleze: je, mtu asiye mwalimu ataifaa bodi vipi?

Mwalimu Mstaafu: Mama, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawatengea wawakilishi wa wazazi nafasi sita, kwa hiyo hutakuwa peke yako. Mwalimu mkuu ndiye katibu, nanyi mtashughulikia bajeti, majengo na nidhamu, pamoja na walimu wanaolipwa na bodi pale ambapo walioajiriwa na TSC, yaani tume ya serikali inayoajiri walimu, hawatoshi. Jicho la mzazi linahitajika sana hapo.

Mjumbe wa Zamani: Naafikiana na mwalimu. Mwaka mmoja tuliidhinisha malipo ya tangi la maji ambalo hakuna mjumbe aliyekwenda kulikagua, na lilipoletwa lilikuwa limepasuka. Watoto waliendelea kubeba maji kutoka nyumbani muhula mzima. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Tafadhali, usitie sahihi kabla ya kusoma.

Mama wa Gredi ya Tano: Asanteni sana. Nitagombea, na swali langu la kwanza litahusu hesabu za chakula cha mchana.