Tupeane uzoefu: kiuno kisichopona na mawazo tunayoyabeba

Wakuu, habari za muda huu.

Nimeumwa kiuno miaka minne. Nimelala chini kwenye mkeka, nimefunga mkanda, nimechoma diklofenaki mpaka tumbo likaanza kuwaka, nimechuliwa na kila niliyeelekezwa kwake. Picha ya MRI ilionyesha diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, imetokeza kidogo, nikaambiwa nisiiname wala nisibebe hata ndoo ya maji. Siku hiyo nilitoka natembea kama nimebeba trei la mayai, na maumivu yakazidi kuanzia hapo.

Aliyenisaidia ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Aliniuliza: "Kiuno kilianza lini, na wakati huo nyumbani kulikuwa na nini?" Nikanyamaza. Kilianza mwezi niliochukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, ili nimuuguze mama. Marejesho yalikuwa kila Jumatatu, na Jumapili jioni ndipo nilipokuwa nashindwa kuinuka kitini.

Akanieleza kwamba mtu akiishi na hofu, misuli hukaza bila mwenyewe kujua, pumzi huwa fupi, na mishipa ya fahamu huzoea kupiga kengele hata pasipo na jeraha. Kuhusu diski, alinitajia uchambuzi wa 2015 wa picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa: kwenye umri wa miaka 20, kama asilimia 30 walikuwa na diski iliyotokeza, kwenye miaka 80, asilimia 84. Laiti ningeambiwa hayo siku niliyopewa picha yangu!

Hakusema najifanya. Maumivu yalikuwa ya kweli kabisa. Alinianzishia kutembea dakika kumi, kuinama kidogo kidogo, kupumua kwa tumbo. Mwezi wa tatu nilibeba ndoo ya maji toka bombani hadi jikoni, nikaiweka chini, nikalia.

Aliyepitia haya atuandikie.

Mwalimu, Mbeya
Pole sana dada. Mimi ni shingo na mabega. Likizo ikianza vinaachia vyenyewe, shule zikifunguliwa wiki haiishi vimerudi. Nilikuwa nalaumu mto wa kulalia, nimebadilisha mito mitatu. Mume wangu ndiye aliyeniambia nasaga meno usiku. Sasa kila kengele ya kipindi ikilia najikagua: mabega yako wapi? Mara nyingi nayakuta karibu na masikio.

Muuguzi
Naomba mtu asisome hapa akaacha kwenda hospitali. Ndugu yangu wa karibu aliambiwa "punguza mawazo" karibu mwaka mzima, kumbe ni TB ya uti wa mgongo. Alikuwa anakonda, anatoka jasho usiku, sisi tunamwambia apumzike. Naumia mpaka leo. Mgongo ukiambatana na homa, kukonda, au maumivu yanayokuamsha usiku, nenda ukapimwe. Mkojo au haja ikigoma au kutoka bila wewe kujua, sehemu za siri zikifa ganzi, miguu ikiisha nguvu, nenda saa hiyo hiyo, usisubiri kesho. Hatari ikishaondolewa, hapo ndipo mazungumzo haya yana nafasi, na yana nafasi kubwa.

Bodaboda, Morogoro
Mkuu, kwangu mawazo peke yake sikubali. Nakaa kwenye pikipiki saa kumi na mbili kwa siku, barabara ni matuta. Ila nikiri jambo moja: nilipata ajali, daktari akasema nimepona, lakini kila nikipita kona ile mgongo unajikaza wenyewe kabla sijafika. Nilikuwa naona aibu kumwambia mtu.

Yuko Colorado, Marekani
Huku Boulder kulifanyika utafiti uliochapishwa 2022, watu 151 wenye mgongo sugu. Kundi moja lilifundishwa kwa wiki nne kwamba maumivu yao si dalili ya mwili kuharibika, na taratibu wakarudia mienendo waliyokuwa wanaiogopa. Theluthi mbili wakabaki bila maumivu au nayo kidogo sana. Kwa waliobaki na matibabu yao ya kawaida, ni mmoja kati ya kumi.

Mwanzisha uzi
Muuguzi, asante, na pole kwa ndugu yako. Kaka wa Morogoro, hakuna aibu hapa, na hayo matuta hayajakanushwa na mtu. Walioniuliza faragha: mkopo niliumaliza Juni. Kiuno bado kinakaza siku mojamoja, hasa simu ngeni ikiita. Kikikaza sikimbilii tena mkeka, navaa raba natembea mpaka sokoni na kurudi.