Mrejesho: Kuzoea tena nyumbani baada ya safari za kikazi

Wadau, niliuliza namna ya kurudi kwenye maisha ya familia baada ya safari ndefu za kikazi, maana watoto walikuwa wanamwomba mama yao ruhusa hata nikiwa nimekaa palepale. Ushauri uliofaa zaidi ni wa kutopangua utaratibu niliokuta. Nikifika, namuuliza kwanza mke wangu kipi kimebadilika, kisha nashika kazi moja tu: kuwaogesha watoto na kuwalaza. Mdogo mwanzoni aligoma, akamtaka mama. Jana kaniletea taulo mwenyewe. Nilifurahi mno! Usingizi bado unasumbua, kwani mwili huzoea polepole tofauti ya saa kati ya nilikotoka na nyumbani, takriban saa moja ya tofauti hiyo kwa siku. Mke wangu naye sasa anapumzika jioni, na alistahili tangu zamani. Asanteni sana.