Ujumbe wa makosa kwenye fomu: kwangu Kiswahili, kwenye seva Kiingereza

Mjenzi_11: Wakuu, nimekwama. Fomu ya usajili, nimeijenga kwa Laravel 11 (mfumo wa PHP wa kujengea tovuti). Kwenye kompyuta yangu ukiacha jina wazi inasema "Jina inahitajika". Kwenye seva inasema "The jina field is required." Kesho mteja anakagua.

BiNgeli: Kabla ya seva, rekebisha sentensi. Jina linahitajika, kitambulisho kinahitajika, namba inahitajika. Kiolezo kimoja chenye `:attribute` (nafasi inayojazwa jina la uga, yaani kisanduku cha fomu) hakijui ngeli. Tumia amri: "Tafadhali jaza :attribute." Hapo hakuna upatanisho wa kukosea. Na kwenye `attributes`, orodha ya majina ya uga, andika `'phone' => 'namba ya simu'`, la sivyo mtu ataambiwa "jaza phone".

Kigoda: Mkuu, tafsiri umeziweka wapi?

Mjenzi_11: Kwenye validation.php.

Kigoda: Njia kamili tafadhali.

Mjenzi_11: vendor/laravel/framework/src/Illuminate/Translation/lang/en. Mteja anataka Kiswahili tu, sikuona haja ya folda nyingine.

Kigoda: Tatizo ni hilo. `vendor` ni folda ya maktaba zilizoshushwa, haipandi na Git (chombo cha kupandishia msimbo). Seva ikiendesha `composer install`, amri ya kushusha maktaba hizo, inashusha faili asili.

Mjenzi_11: Kwa leo si naweza kuhariri hiyo hiyo ya kwenye seva?

Kigoda: Laravel ikisasishwa tu, kazi yako imefutika. Endesha `php artisan lang:publish`, nakili lang/en iwe lang/sw, hamishia tafsiri humo, kisha weka `APP_LOCALE=sw` (lugha ya programu) kwenye .env ya seva, faili ya mipangilio. Malizia na `php artisan config:cache`, maana kache ya zamani haisomi .env mpya.

Mpekuzi: Kisa hiki cha kutunga. Uga wenye `required` ukiachwa wazi, Chrome huizuia fomu isitumwe. Huo ujumbe wa Laravel uliuonaje?

Mjenzi_11: Fomu ina `novalidate`, inayozima ukaguzi wa kivinjari. Ujumbe wa Chrome unafuata lugha ya kivinjari, si ya ukurasa, nikauzima.

Mpekuzi: Sawa, hapo nimekuelewa. Ila ukaguzi wa papo hapo umeupoteza. Ondoa `novalidate`, weka maneno yako kwa `setCustomValidity` (JavaScript) kwenye tukio la `invalid`, na kwenye tukio la `input`, mtu anapoandika, irudishe iwe tupu (`''`). Usipoirudisha, mtu atajaza sawasawa na fomu itaendelea kumkatalia.

Mjenzi_11: Nimepandisha. Seva inasema "Tafadhali jaza jina." Ila barua pepe ikikosewa bado Kiingereza.

BiNgeli: Umenakili faili nzima, mstari wa `email` hujautafsiri. Andika: "Andika barua pepe sahihi, mfano jina@mfano.com."