Chanjo ya mafua kwa mtoto: mwezi gani unafaa huku Mombasa?

Mama Nuru, Kisauni
Hamjambo jamani. Binti yangu ana miaka miwili na nusu, ameanza chekechea majuzi na tangu hapo pua haikauki. Dadangu aliye London aniambia nimchanje Oktoba kama afanyavyo kwa wanawe. Babake asema tungoje Julai, baridi ya kusi iingie. Na kijitabu chake cha kliniki kimeandikwa influenza, si ameshachanjwa basi?

Baba Pacha
Oktoba ni ya huko kwao, wanajiandaa na baridi ya Desemba. Wewe Desemba uko kwenye joto la kaskazi, wajipepea. Wangu huzidiwa wakati wa masika, ingawa Januari pia washawahi kulala na homa.

Muuguzi wa Likoni
Mama Nuru, hiyo ya kijitabu ni Hib, yaani Haemophilus influenzae aina ya b, imo ndani ya ile sindano ya wiki 6, 10 na 14. Hib ni bakteria, chanjo yake haikingi mafua hata kidogo. Wazazi wengi huchanganya, jina ndilo linalowaponza.

Kuhusu mwezi: Kenya virusi vya mafua vyazunguka mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani (WHO) huchagua aina za virusi vya kutengenezea chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini. Ile ya kusini huanza kutoka karibu na Machi au Aprili. Ukiipata kabla ya masika, vizuri. Ukiikosa, usikae miezi ukiingojea: chukua iliyopo, bora muda wake haujaisha.

Tena, mtoto chini ya miaka 9 akichanjwa mafua mara ya kwanza hupewa dozi mbili, zikipishana angalau wiki 4. Kinga nayo huchukua kama wiki mbili kukaa sawa. Babake akisema Julai, ya pili ni Agosti, na kusi yenyewe yakaribia kwisha! Baadaye ni moja kila mwaka.

Ummu Khalid
Piga simu kwanza. Mimi nilimbeba mtoto juani mpaka hospitali moja ya kibinafsi, nafika naambiwa imeisha, rudi wiki ijayo. Na ukifika, omba uone tarehe kwenye boksi, wala usione haya.

Mama Nuru
Shukran. Na kamasi hizi alizonazo sasa, zazuia?

Muuguzi wa Likoni
Kamasi tupu hazizuii. Akiwa na homa kali, ngoja ipoe. Na usitarajie pua ikauke kabisa, mafua ya kawaida yana virusi vyake vingine. Hii yazuia ile influenza inayowalaza watoto hospitali.

Ummu Khalid
Na huyu wangu wa miezi minne?

Muuguzi wa Likoni
Bado, mpaka afike miezi 6. Kwa sasa chanjweni nyinyi mnaombeba.