Mrejesho: Mabomba ya maji yaliyohama barabara kwenye ramani

Niliuliza kwa nini mabomba tuliyonakili kutoka michoro ya zamani yalikaa takriban mita 300 mbali na valvu tulizopima kwa GPS. Nawashukuru mlionielekeza nikague mfumo wa majira ya nukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani): michoro ilikuwa ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, nasi tuliiingiza kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS. Nilipoipa msimbo wa mfumo wake, 21037, kisha QGIS, programu ya ramani, ikaibadilisha kwenda WGS 84, valvu nyingi ziliangukia juu ya bomba.

Ushauri wenu wa kuunganisha ncha za mabomba zilizo ndani ya nusu mita ulifaa kwa sehemu tu, kwani bomba kuukuu na jipya yaliyolazwa sambamba pia yalishonwa pamoja, ikabidi niyatenganishe moja moja. Vipenyo vya mabomba kwenye data yetu bado vina mapengo. Fundi wetu mkongwe alikumbuka vitatu, na tulipochimba, kimoja hakikuwa hivyo.