Kufunika jalada gumu kwa kitambaa: gundi moja kwa moja, karatasi nyuma, au pasi?

Uzi na Sindano
Habari wadau. Nashona madaftari ya jalada gumu na nimechoka kufunika kwa karatasi, pembe zinachunika upesi. Juzi nilijaribu pamba nyepesi ya maua: nikapaka gundi nyeupe kwenye kadibodi, nikalaza kitambaa, nikakandamiza. Asubuhi nakuta mabaka yanang'aa, gundi imepenya hadi usoni. Naona njia tatu: kununua kitambaa maalumu cha majalada, kubandika karatasi nyembamba nyuma kwa gundi ya unga, au ule utando wa gundi unaoyeyuka kwa pasi. Nyinyi mnatumia ipi?

Mgongo Mviringo
Pole mkuu, hayo mabaka hayatoki. Kitambaa maalumu kimejazwa wanga au kimebandikwa karatasi tangu kiwandani, ndiyo maana gundi haipiti. Kazi ikiwa ya mteja na muda umebana, chukua hicho. Kasoro yake ni rangi, nyingi zimepoa, utadhani kila kitabu kinakwenda maktaba.

Bi Kurasa
Mimi ni wa uji wa ngano, ndiyo hiyo gundi ya unga, na sihami. Kwanza fua kitambaa ili kirudi kabisa na dawa ya kiwandani itoke, kisha kipige pasi. Kilaze kifudifudi juu ya plastiki, kinyunyizie maji, kinyooshe kwa viganja. Karatasi iwe nyembamba yenye nyuzi ndefu, na izidi kitambaa kama sentimita 2 kila upande. Paka uji kwenye karatasi, ilaze juu ya kitambaa, piga kwa brashi kavu kutoka katikati kwenda nje. Halafu inua vyote viwili, ubandike zile kingo za karatasi kwenye ubao laini, ukiacha nafasi ndogo isiyo na uji ya kupitishia kisu. Kikikauka kinakaza kama ngoma. Uzuri wa uji ni kwamba haukauki haraka, ukikosea unavuta na kunyoosha upya. Gundi nyeupe haikupi nafasi hiyo.

Pasi Moto
Bi Kurasa, heshima yako, lakini hiyo ni siku nzima! Utando wa pasi na karatasi laini ni dakika chache, na hakuna maji ya kuchujisha rangi. Ila usihamishe pasi kama unanyoosha shati. Ikandamize mahali pamoja, uinue, usogee. Sintetiki nyingi hujikunja kwa moto, na mahameli hulala manyoya, hizo sizigusi.

Bi Kurasa
Mwanangu, nimeona za pasi zikiachia kingo baada ya muda.

Pasi Moto
Zikiachia, ujue pasi haikupata moto wa kutosha. Zangu bado zimeshika.

Mgongo Mviringo
Njia yoyote mtakayochagua, nyuzi za mtande ziende sambamba na mgongo wa kitabu. Mtande ni ule unaofuata urefu wa jora. Mkondo wa kadibodi, yaani mwelekeo wa nyuzi zake, nao uwe hivyo hivyo. Vikipingana, jalada litapinda. Hata vikikubaliana, gundi ya nje ikikauka huvuta ubao wa jalada, yaani hiyo kadibodi, upande wake. Karatasi inayobandikwa ndani ya jalada ndiyo inayourudisha, kwa hiyo usitishike ukiona umepinda kidogo kabla ya kuibandika.

Uzi na Sindano
Nimerudi. Nimefanya uji, nikafunika kitani, gundi nyeupe nimeipaka nyembamba upande wa karatasi. Uso safi kabisa! Shida mbili: kona moja inachungulia kadibodi, na jalada halifunguki vizuri.

Bi Kurasa
Kona umeikata karibu mno na ncha. Kata mshazari ukiacha kama mara moja na nusu ya unene wa ubao. Ubao wa milimita 2 unataka milimita 3, na kitani kinene kidogo zaidi. Kabla ya kukunja upande wa pili, bonyeza kile kijisikio cha kitambaa kinachobaki kwenye kona kwa ukucha kiingie ndani. Pindo la kukunjia lenyewe liwe milimita 15 hadi 20.

Mgongo Mviringo
Na bawaba? Kati ya ubao na mgongo uliacha kiasi gani?

Uzi na Sindano
Milimita 4.

Mgongo Mviringo
Ndiyo hiyo. Kwa ubao wa milimita 2 mimi huacha 7, kwa jinzi huongeza 1. Usikibandue hicho, kitani kitachanika. Tengeneza jalada jipya, la zamani kata upate alamisho.